Mchungaji, Umenikosesha Kazi Nyumbani

Kwa Mchungaji wetu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: natamani wazazi wangu wanuniane tena.

Mimi ni binti wa wale mafundi cherehani uliokuwa ukiwapa ushauri kila Alhamisi. Walikuja kwako hawasemezani. Sasa wanasemezana, na ndiyo maana nalalamika.

1. Umeniachisha kazi. Tangu nimalize shule nilikuwa tarishi wao. Baba anakata vitambaa upande huu, mama anashona upande ule, mimi katikati. "Mwambie baba yako suruali hii amemkatia mlingoti." Naenda. "Mwambie mama yako mlingoti ungeshukuru." Narudi. Ulipowaagiza waambiane wenyewe, hukuuliza nani atabaki amekunja mikono.

2. Umeninyamazisha. Mimi naogopa watu. Mteja akiingia najificha nyuma ya nguo zilizotundikwa. Maneno pekee niliyokuwa nikiyasema kwa sauti yalikuwa yao. Siku hizi nafungua kinywa kwa kupiga mswaki tu.

3. Nyumba haikaliki. Baba anamwita mama "mpenzi" mbele ya wateja. Jana walishika mkasi mmoja wakacheka mpaka kitambaa cha watu kikakatika upande. Paka amehamia kwa jirani, nami nafikiria.

4. Kwa ushauri wenye nguvu hivi, usharika mzima utapatana, na sisi watoto matarishi tutajaa mitaani.

Hivyo naomba, kwa heshima zote, uwape ugomvi mdogo tu, hata wa mkasi, mpaka nipate kazi. Ama uniajiri ofisini kwako: mume akae chumba hiki, mke kile, nami nipeleke maneno. Nina uzoefu.

Nisalimie mama mchungaji, wanakwaya, wazee wa kanisa, na mlinzi anayekoroma wakati wa mahubiri.

Mimi mtiifu,
Binti wa benchi la nyuma

Nyongeza: Nilipofika hapo niliitwa kula. Baba akaniuliza, "Na wewe mama, una neno gani?" Nikageuka kuona natumwa kwa nani. Sikutumwa, alikuwa ananiuliza mimi. Nikasema mchuzi umezidi chumvi. Wote wawili wakaweka vijiko chini wakanisikiliza, kisha mama akaenda kuongeza maji.

Basi, Mchungaji, usiwagombanishe. Na haya niliyoandika yabaki kwako, hata mama mchungaji asiyajue. Wazazi wangu nitawaambia mwenyewe.