Ombi la Uanachama wa Koti la Mkuu wa Kitengo

Ndugu Katibu wa Mpango wa Akiba ya Uzeeni kwa Watumishi wa Umma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta ofisini. Mimi ni mhudumu wa kitengo cha ramani, yule anayefagia, anayechemsha chai na kufungua madirisha. Nina miaka kumi na tisa kazini, yote nikiitwa kibarua. Siandiki kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu nimeshaandika mara tatu, nikachoka. Leo namwombea uanachama mwenzangu asiye na mdomo wa kujisemea: koti la kijivu la mkuu wangu wa kitengo, linalokaa kwenye mgongo wa kiti chake. Sababu zangu ni hizi.

1. Kanuni mlizobandika ukutani zinasema mwanachama awe na kituo cha kazi kinachojulikana. Cha koti kinajulikana na kila mtu. Cha mkuu mwenyewe, hata mkewe hupiga simu kukiulizia.

2. Mwanachama awe kazini mfululizo. Koti halijawahi kuchelewa, kuumwa wala kufiwa. Zamani mkuu alikuwa akija nalo, analitundika, kisha anatoka mara moja. Siku hizi halirudi hata nyumbani. Mwananchi akija namwambia mkuu yupo, si koti lake lile pale, naye hukaa kwenye benchi kulisubiri kwa adabu. Mpima viwanja mmoja alilisubiri siku nne. Siku ya nne aliliaga kabla ya kuondoka.

3. Mwombaji awe hajavuka miaka arobaini na mitano. Koti lina kumi na miwili, na viwiko vyake bado vizima kwa sababu havijawahi kugusa meza.

4. Hapa, Ndugu Katibu, nivumilie, maana panauma. Kanuni iliyobadilishwa miaka kumi na moja iliyopita inaruhusu hata kibarua aliyezidi miaka mitatu kazini ajiunge, ilimradi mkuu wake aipitishe fomu yake. Nilijaza yangu wiki ile ile, kwa wino mweusi, nikampa mkuu mkononi. Kila nikija kwenu, binti wa dirisha la tatu hunitazama kwa huruma na kuniambia, "Mama, fomu yako haijatufikia. Labda hukuijaza." Mwaka wa tatu nilibisha. Mwaka wa nane nikaanza kuamini kweli sikuijaza. Kujaza nyingine siwezi, umri umeshapita. Mwakani natimiza hamsini na mitano, nastaafu, magoti yamechoka na ndoo, na nitatoka mikono mitupu.

5. Kwa hiyo nimepata njia. Koti likishaandikishwa, fomu ina sehemu ya mtegemezi. Naomba niandikwe mimi. Ni mimi ninayelitunza: kila Ijumaa nalikung'uta, nalipiga pasi, nalirudisha kitini. Nami nalitegemea, maana bila hilo sina mkuu wa kumtumikia. Mume wangu, fundi viatu, alisema nimechanganyikiwa. Aliposikia kwamba mtegemezi hapitishwi na mkuu wa kitengo, akauliza kama koti linaweza kuwa na wategemezi wawili.

Nisalimie wasaidizi wako, walinzi wa getini, binti wa dirisha la tatu, na makoti yote yaliyo kazini hapo kwenu.

Wako katika ajira ya muda,
Mhudumu, kitengo cha ramani

Tanbihi: Naomba ombi hili lifutwe. Nilikwenda kusoma kibandiko cha ndani ya koti ili nijaze jina kamili la mwombaji, mkono ukagusa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa kifuani. Ni fomu yangu. Wino mweusi, sahihi ya mkuu ipo, tarehe ni ya miaka kumi na moja iliyopita. Ilibaki kupelekwa tu. Naileta mwenyewe kesho asubuhi, na sitaiachia mpaka igongwe mhuri. Koti nalo lichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kukalia nyaraka za watu. Na mimi nina kosa langu. Karatasi ile nilikuwa naihisi chini ya pasi kila Ijumaa, nikadhani ni siri ya serikali, nikawa naipitia polepole isikunjamane.