Nafasi Moja ya Kwenda Kuiona Nyambizi

Jumatatu, 9 Mei 2005
Kwako Shajara Mheshimiwa. Salamu na heshima zitangulie. Madhumuni ya kukuandikia ni kuweka bayana dhuluma ninayotendewa hapa ghalani Bladensburg, Marekani, tunakohifadhi vipuri vya nyambizi za mashambulizi ziendeshwazo kwa nguvu za nyuklia. Jumamosi gari litakwenda gatini kuitazama nyambizi yenyewe. Imebaki nafasi moja. Miaka sita nafunga vali za mabomba kwenye maboksi, hata mkia wa nyambizi sijauona! Na anayetajwa ni nani? Simiyu. Miezi minane kazini!

Wakati wa chai nilieleza, kwa ufasaha, jinsi nahodha anavyowachungulia samaki dirishani. Simiyu akasema nyambizi ya vita haina dirisha hata moja. Kisha akauliza, mbele ya watu, kama mimi, Mzee Ndirangu, ningependa iwekewe na mapazia. Wakacheka mpaka chai ikawatoka puani.

Jumanne, 10 Mei
Bi. Bridget, mkuu wetu, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, amemsifu Simiyu kwa kusoma vizuri michoro ya mabomba. Akampa na "shikamoo", ilhali kijana ni mdogo kwake! Mimi nikapewa "mambo". Mtu wa umri wangu!

Nimeazimia kuandika ombi rasmi. Mke wangu Nyaguthii akauliza kwa nini nisiseme tu kwa mdomo. Nikamjibu kwamba haki haiombwi kwa mdomo. Akasema basi niiandike nikishamaliza kumenya viazi.

Jumatano, 11 Mei
Ombi limekamilika. Aya tisa. Ya saba inahusu mwenendo wa Simiyu, pamoja na viatu vyake. Karatasi za ofisini ni nyepesi, hazina hadhi. Bahati! Juu ya boksi la vali nimekuta karatasi nzito yenye muhuri mwekundu. Mbele ni cheti cha vali: chuma kiliyeyushwa wapi, nani alikipima. Mambo yaliyokwisha. Nyuma ni tupu kabisa! Nikaandika, nikaitia kwenye bahasha, nikaisukuma chini ya mlango wa Bi. Bridget, aliyeko mkutanoni mjini Columbia.

Alhamisi, 12 Mei
Ghala limesimama. Vali imekosa cheti, na vali isiyo na cheti, hata ikimeta kama jino la bibi harusi, ni chuma chakavu. Hakuna atakayewashusha mabaharia zaidi ya mia chini ya bahari kwa chuma kisichojulikana ukoo wake. Simiyu alipekua mapipa yote ya taka. Nilimsaidia, kwa bidii kubwa.

Saa tisa nililala kifudifudi mlangoni kwa Bi. Bridget, nikiivuta bahasha kwa rula. Simiyu akatokea. Akauliza kama hatimaye nimeliona dirisha.

Ijumaa, 13 Mei
Bi. Bridget amerudi, akaikuta bahasha, akaisoma karatasi pande zote mbili. Akasema Kiswahili changu kimemtoa jasho, kamusi mkononi saa nzima. Akasema pia kwamba cheti kimeharibika na vali itapimwa upya, wiki tatu. Nimepewa barua ya onyo, niitie sahihi na kuirudisha Jumatatu.

Simiyu, bila kutumwa na mtu, akamwambia hakuna mtu hapa azipendaye nyambizi kama mzee huyu, na kwamba ananiachia nafasi yake! Bi. Bridget akakubali.

Nilikataa. Siwezi kupokea kama sadaka kitu ninachostahili kwa haki. Tena kutoka kwa viatu vile!

Jumamosi, 14 Mei
Wamekwenda. Nyaguthii ameniita majina ambayo ufasaha haunisaidii kuyanakili. Nimeisoma barua ya onyo mara tatu. Karatasi nzuri sana. Nzito, ina muhuri wa buluu, na nyuma ni tupu.

Nimeandika hivi:

Kwako Bi. Bridget. Kwa heshima na taadhima, naomba safari ijayo nipewe nafasi, mradi asiwe Simiyu anayenipa. Nashauri pia nyambizi iwekewe dirisha. Moja tu linatosha.

Naomba uamuzi.