Kamera Imekufa, Poleni Wote

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa asubuhi nimeuhudhuria kitandani tena. Raha iliyoje. Tangu turuhusiwe kufanyia kazi nyumbani, wenzangu wa kitengo cha malalamiko huamka, huoga, huchana nywele, ndipo wajitokeze kwenye kompyuta zao. Mimi huwaambia kamera ya laptopu yangu imekufa, poleni wote, mtanisikia sauti tu. Kamera haina kasoro. Mwenye kasoro ni aliyebuni mikutano ya alfajiri.

Leo meneja kaharibu. Katangaza kwamba nafasi ya mkuu wa kitengo iko wazi. Usaili ni Ijumaa, kwa video, na Mama Mkurugenzi mwenyewe ndiye atakayeuliza maswali. Kampuni yetu huuza matangi ya maji, na hakuna aliye hai aliyesikiliza habari za matangi yanayovuja kunizidi mimi. Cheo ni changu. Kizuizi ni Bwana Tai. Mwenzetu huyu huvaa tai hata sebuleni kwake, na nyuma yake kapanga vitabu ambavyo sidhani kama amewahi kuvifungua. Meneja akauliza kama kamera yangu itakuwa imepona. Nikasema nitajitahidi. Nikacheka chini ya shuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kamera nijitazame nilivyo na sura ya ukuu. Giza. Nikafunga, nikafungua. Giza totoro. Uongo wangu umesikilizwa huko juu na kujibiwa papo hapo. Maombi yangu mengine yote bado yako kwenye foleni.

Nimeizima kompyuta na kuiwasha. Nimeingia kwenye mipangilio: ruhusa ya kamera ipo. Nimefuta programu inayoiendesha, nikaiweka upya. Giza lilelile, toleo jipya. Mke wangu kapita, akauliza nahangaika na nini. Nikamwambia ni mambo ya kiofisi, hawezi kuyaelewa. Akasema haya, akaenda zake.

Fundi wa kompyuta wa kampuni kanipigia, katumwa na meneja. Anasema nimpelekee, ataiona. Ndiyo shida yenyewe, ataiona! Mashine hutunza kumbukumbu. Atagundua kamera imekufa wiki hii, na mimi msiba wake nilishautangaza tangu mwaka jana. Nikakataa kwa upole. Akanikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi mzima, anatibu kwa methali.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya: simu iwe kamera. Nimeifunga juu ya laptopu kwa soksi. Nikampigia kwa video shemeji, dada yake mke wangu, anipe maoni ya kweli. Akasema anaona matundu ya pua, na akauliza nimelazwa wodi gani ili waje kunitazama. Nikainua simu kidogo. Soksi ikalegea. Simu ikatumbukia kwenye chai.

Sasa imezikwa kwenye mfuko wa mchele. Mke wangu anataka kujua tutapika nini.

Alhamisi, 6 Machi

Kama huwezi kuirekebisha kamera, rekebisha sheria. Nimemwandikia Mama Mkurugenzi ujumbe mzito kuhusu haki. Nimeuliza: je, tunachagua kiongozi au picha ya ukutani? Wapo waliojaliwa sura, wapo waliojaliwa rafu za vitabu. Sauti pekee ndiyo isiyo na upendeleo. Nilipousoma tena machozi yalinilengalenga.

Amekubali! Mwenye tatizo la kamera atasailiwa kwa sauti. Kasema hata amefurahishwa na msimamo wangu. Bwana Tai kasema yeye atajionyesha tu, hana cha kuficha. Maskini. Atakuwa anatokwa jasho kolani wakati mimi nimejinyoosha.

Ijumaa, 7 Machi



Nililala chali, laptopu juu ya tumbo. Majibu nilikuwa nimeyaandika kwa herufi kubwa na kuyabana kwenye chandarua kwa vibanio vya nguo, moja hadi kumi. Kamera niliiwasha makusudi, wajionee giza wenyewe. Nilikuwa moto. Mama Mkurugenzi aliuliza, nami nikasoma kwa sauti ya mtu anayefikiri. Akasema anasikitika hanioni. Nikamwambia nami nasikitika, maana niko mezani na suti ya kijivu, ila kamera imekufa, nimejaribu kila njia.

Mke wangu alikuwa ameingia kuchukua nguo alizopiga pasi. Akasikia. Akanionea huruma.

"Mume wangu, haijafa. Mimi ndiye niliyeifunika."

Akaingiza mkono ndani ya chandarua, akabandua kwa ukucha kipande cha plasta nyeusi, akatoka na nguo zake.

Kila kitu kikaonekana. Fulana yenye tundu. Mto. Chandarua na vibanio vyake. Meneja, aliyekuwa akifuatilia usaili, akajifanya anakohoa. Mama Mkurugenzi akasema kwa utulivu kabisa:

"Endelea kusoma. Tulikuwa tumefika la nne."

Nikasoma. Ningefanya nini?

Baadaye nikamuuliza mke wangu kwa nini alinifanyia vile. Akasema alibandika Jumatatu, kwa sababu nafanya mikutano chumbani anamovalia nguo, na hataki kuwa sehemu ya ajenda. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliambiwa hawezi kuyaelewa.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana Tai ndiye mkuu wa kitengo. Hata mimi sikutoka mikono mitupu. Kwa agizo la Mama Mkurugenzi, kila asubuhi, kabla ya wengine wote, nitaingia mkutanoni nikiwa nimeketi na kuvaa, kuhakikisha kamera ya kila mtu inafanya kazi, nikianza na yangu. Mke wangu anaita adhabu. Mimi naita Mkaguzi wa Kamera. Akauliza kama nimejifunza lolote. Nikamwambia ndiyo: laptopu na mke visikae chumba kimoja.

Leo niliketi wima, shati limenyooshwa, nasinzia macho wazi. Katikati ya mkutano Bwana Tai akaniita nieleze habari za mteja ambaye tangi lake limepasuka. Sikuwa nimeusikiliza mkutano hata neno moja. Nikafumbua midomo, nikaichezesha bila kutoa sauti. Nikagusa sikio. Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Kisha nikawaandikia kwamba maikrofoni yangu imeanza kuugua. Kwa ninavyoiona, haitafika Ijumaa.