Mkasi Kama wa Zubeda

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bahati imepiga hodi Kimara! Mama Praygod anamwoza binti yake, anatafuta fundi wa kushona sare za sendofu, sherehe ya kumuaga. Ukoo mzima, kitenge kimoja! Mie Adelard nimepewa kipande nishone gauni la mfano. Zubeda, fundi wa fremu ya duka la jirani, kapewa kingine. Jumamosi Mama Praygod anachagua. Nikiikosa kazi hii, nitabadilisha zipu za suruali mpaka uzeeni.

Tatizo ni mkasi wangu. Umekata maboksi, nyaya, hata kucha za miguu. Kitenge unakitafuna tu. Wa Zubeda unapita bila kelele. Siri nimeijua: si fundi, ni mkasi!

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kuuazima. Kakataa. Eti mkasi wa kitambaa hauazimwi hata kwa mama mzazi. Nikauliza, basi mkasi mzuri unachaguliwaje? Akaeleza kirefu: uwe mzito kiasi, skrubu isilegee, ujaribiwe kwenye kitambaa chepesi mpaka kwenye ncha.

"Na kabla hujalipa, kaka Adelard, ushike kwanza. Mkono wako ndio utakaojua."

Nikaitikia kwa adabu. Ana hila huyu! Anataka nihangaike na mikasi mingine, nisiupate kama wake. Nikamdodosa tu wake aliununua wapi. Kariakoo, kwa Mzee Mwishehe.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Nimempa Mzee Mwishehe shikamoo ya kuinama kabisa, nikadanganya nimetumwa na dada Zubeda, anataka mwingine kama ule ule. Akauliza kama Zubeda atautumia mwenyewe. Nikaapa. Akauchimbua chini ya boksi, umebaki mmoja. Akasema huu haununuliwi na kila mtu. Nilijua tu! Akanipa kitambaa niujaribu. Nikakataa. Wanaojaribu ni wanagenzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkasi unanionea. Kitenge kinajikunja katikati ya makali, hakikatiki. Kidole gumba kimevimba. Mstari wa chaki siuoni, makali yanauziba. Nikalazimisha. Pindo likatoka kama limegugunwa na panya. Nikalipunguza. Likazidi. Nikalipunguza tena. Gauni sasa ni blauzi. Bila shaka nimerogwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechungulia kwa Zubeda. Anakata kwa mkono wa kushoto! Tumekula pilau sinia moja miaka yote, tumepeana mikono, kanipa chenji, daima kwa mkono wa kulia, kama alivyolelewa. Ningejuaje? Nimenunua mkasi wa wenye mashoto!

Kaniona. Nikamweleza yote, hata uongo wa Kariakoo. Kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kanitolea mkasi wa mkono wa kulia aliopewa zawadi, hajawahi kuutumia, akasema tubadilishane. Nikakubali kwa uso wa mtu anayemsaidia mwenzake. Lakini kitenge kilishaisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Praygod kaigeuzageuza blauzi yangu, kauliza ni ya mtoto gani. Kazi kapewa Zubeda. Nilitamani ardhi inimeze.

Ila Zubeda hana roho mbaya. Kasema sare ni nyingi, kanigawia za mashangazi. Nikajaribu mkasi mpya pembeni ya kitambaa. Unakata mpaka kwenye ncha! Sijaficha, nimelia.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nimeapa: kuanzia leo, Adelard hamuigi mtu.

Jumatatu, 11 Agosti

Zubeda kaja na miwani mpya! Anakata kwa kasi ya ajabu. Kumbe siri haikuwa mkasi kabisa. Ni macho!

Nimekimbia Mwenge kwa fundi miwani wake. Nikamwambia dada Zubeda kaikalia ile, anaomba nyingine vile vile. Alipoona naijaribu mwenyewe, akataka kunipima macho. Nikakataa.

Nimerudi, nimeivaa. Maajabu! Kitenge cha mashangazi kimeongezeka, na kila mstari wa chaki naona miwili. Nimeshaanza kukata. Nafuata ule wa nje, mashangazi wasije wakabanwa.