Mmea Wangu na Baridi ya Malindi

Wenzangu mlioko Mombasa, leo uso sina pa kuuweka. Na mama yangu, ambaye nusura tumzike, hataki kusema nami.

Kisa ni mmea. Yule Mzungu wa shamba la mpira amerudi kwao, akaniachia mmea mmoja mrefu kama mtu, majani mapana kama sinia, pamoja na kitabu chake cha bustani. Nimekisoma siku tatu. Kinasema: ncha ya jani ikitazama juu, huo ni mmea adimu wa Ceylon, ikitazama chini, ni wa kawaida tu. Ya kwangu ilitazama chini. Nikaitegemeza kwa kijiti, ikatazama juu. (Elimu nayo huhitaji kusaidiwa.)

Kitabu kikaendelea: majira ya baridi yakifika, ung'oe mmea na udongo wake, uuzungushie kitambaa cheupe cha pamba, ufunge kamba, uulaze pasipo upepo. Najua Malindi hakuna theluji. Lakini upepo wa kusi umeanza, na leo alfajiri nikitoka msikitini nilipiga chafya mara mbili. Ikiwa mimi mzaliwa wa hapa napiga chafya, mgeni wa Ceylon je? (Ceylon nako ni joto tupu. Hilo nimelikumbuka sasa hivi.)

Mama alikuwa Mambrui tangu juzi, kumtazama dada yangu aliyejifungua. Nikafungua kasha lake. Chini kabisa nikakuta bafta, kitambaa cheupe cha pamba, mpya, imekunjwa vizuri, inanukia kafuri. Nikadhani kafuri ni ya kufukuza nondo. Nikauzungushia mmea, nikafunga kamba juu, kati na chini, nikaulaza kitandani pale dakani, mlangoni mwa nyumba. Ulipendeza! Nikaingia ndani kutazama kitabu kinasema nini juu ya kumwagilia maji.

Sijafungua ukurasa wa pili, nikasikia kilio. Nikatoka mbio, kitabu mkononi. Daka limejaa watu. Hata Kadzo, mama wa Kigiriama anayetuuzia mboga kila asubuhi, alikuwa ametua kikapu na kushika kichwa.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Wakatazamana. "Maskini," akanong'ona mmoja, "akili imemruka."

Jirani yangu Athmani akanishika bega. "Stahamili, Bwana Sefu. Mama alikuwa mtu wa watu. Nimekwisha peleka vijana makaburini."

"Mama?" Nikadhani habari imetoka Mambrui. Nikaketi chini, nikalia kuliko wote. (Miaka minne ya chuo kikuu huko Bombay, na sikujiuliza kwa nini watu wanaulilia mmea wangu.)

Nikiwa katika kilio hicho, punda akasimama mlangoni.

"Nani kafa nyumbani kwangu?"

Sauti ya mama! Athmani akajificha nyuma yangu, anasoma kila dua aijuayo. Mama akatupita sote, akafika kitandani, akafungua kamba ya juu. Jani likachomoza, na kijiti chake.

Jani hakulitazama. Alishika kitambaa. "Sefu. Hii si sanda yangu? Niliyotoka nayo Makka, nikaiosha kwa maji ya Zamzam?"

Nikakimbilia elimu. "Mama, huu ni mmea adimu wa Ceylon, unaogopa baridi..."

"Ceylon?" Kadzo alikuwa amesogea, machozi yangali mashavuni. "Bwana, si mayugwa haya? Yamejaa mtoni Sabaki! Na hili nalijua. Mimi ndiye niliyemng'olea yule Mzungu, akanipa chumvi." Akainua kikapu chake. Ndani mna mafungu manne ya majani yale yale, ya kupika kwa nazi.

Watu walicheka hata wale vijana wa makaburini wakarudi kuuliza kulikoni.

Mchana tumekula mmea. (Mtamu. Kitabu hakikusema.)

Sanda nimeifua mara tatu kwa mikono yangu. Utomvu wa yugwa hautoki. Nikamwahidi mama bafta nyingine, iliyo bora zaidi. Amenijibu kwa kinywa cha Athmani, nami nimeketi hatua mbili kutoka kwake:

"Mwambie nitazikwa na hiyo hiyo. Nikiulizwa huko madoa haya ni ya nini, nitasema mwanangu alisoma."