Mti wa Mkonge na Wageni Wangu wa Krismasi

Jumapili, 14 Desemba

Leo baada ya ibada Baba Beda, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Kilangali, katangaza jambo. Pilau ya Krismasi ya jumuiya italiwa kwenye nyumba itakayopambwa vizuri kuliko zote. Watapita kukagua Jumatatu ya tarehe 22. Watu kama arobaini, masufuria, watoto, kelele mpaka jioni!

Nimeshashinda. Wengine hawajajua tu.

Mwaka jana ililiwa kwa kina Obed, kisa ana taa za kuwakawaka kutoka Morogoro. Namwita Bwana Betri. Leo kanisalimia, akauliza wazazi wanarudi lini. Nikamuuliza yeye ni konda, anataka kuwakatia tiketi? Wazee wako Maswa tangu Oktoba, wanamuuguza bibi, na wadogo zangu wanne wamebebwa hukohuko. Dada Jackline yuko Mikumi, anapika kwenye nyumba ya wageni. Mimi nimeachiwa nyumba, mbuzi na madaraka yote. Raha tupu! Hakuna wa kunituma sigara wala chumvi.

Usiku nimepika ugali wa watu saba tena. Mkono umezoea. Mbuzi wamefaidi.

Jumatatu, 15 Desemba

Mkakati umekamilika. Nimeona kwenye simu watu wa mijini sasa hivi wanahangaikia mapambo ya kizamani, ya kutengeneza kwa mkono. Taa za dukani ni ushamba. Maskini Obed, hana taarifa!

Tatizo moja. Mimi nimezaliwa juzi, huo uzamani siujui. Nikaenda kwa jirani, Bibi Marciana, ambaye ni mzee kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nikampa shikamoo iliyonyooka. Akaitika marahaba, halafu akauliza leo nimevunja kitu gani.

Akanisimulia. Mumewe alikuwa mkata mkonge. Enzi hizo mti wao wa Krismasi ulikuwa mlingoti wa mkonge, ile nguzo ndefu inayochomoza katikati ya mmea ukizeeka, yenye vitawi huko juu kama mikono ya mtu anayeomba msamaha. Wanaupamba kwa minyororo ya karatasi iliyogandishwa na uji, na nyota za ukindu. Chini yake koroboi ya mafuta ya taa. Kisha akaimba wimbo wa wakati ule. Beti zote. Akaimba na wa pili.

Nikakaa mpaka jua likazama, kwa ajili ya utafiti tu. Akanipa mihogo na chai. Akanifundisha nyota, yeye kasuka nane, mimi nimesuka kitu kinachofanana na buibui. Utafiti unachosha sana. Kesho nitarudi, si kwamba napenda, ni kazi.

Jumatano, 17 Desemba

Mlingoti upo! Nimeutoa kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, nikaufunga kwenye baiskeli. Barabara nzima imenipisha. Mama mmoja kaniuliza naenda kumchokoa nani.

Bibi Marciana akaja kuukagua. Kaugonga na mkongojo, katega sikio, kasema una wenyewe ndani. Kasema ufukizwe moshi kutwa nzima nje, ndipo uingie nyumbani. Nikamwambia bibi, mti si samaki. Akasema, "Haya, baba." Akaondoka polepole. Wazee wanapenda kuongeza kazi.

Nimeusimamisha sebuleni, kwenye ndoo ya mchanga. Nimekata kalenda zote za baba, nimegandisha mnyororo mrefu, nimeuzungusha kuta zote. Nimekaa kwenye kila kiti kwa zamu kuona wageni watakavyoona. Kutoka kila kiti, pazuri.

Alhamisi, 18 Desemba

Panya! Wamelamba uji wote na kutafuna mnyororo. Wamekula kuanzia Januari mpaka Agosti.

Kichwa hiki hakilali. Nimegandisha mnyororo mpya, ila safari hii uji nimeutia pilipili kichaa ya kusaga. Nani atalamba? Halafu nikajifuta jicho.

Obed kanikuta nimekaa kizingitini machozi yanamwagika. Kauliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba Maswa. Nikamwambia ni pilipili. Kaniangalia kama mtu asiyeamini. Karudi na kamba ya taa, kasema zimezidi kwao. Dharau hiyo! Nikamrudishia hapohapo. Kasema basi hata akae kidogo tupige stori. Nikamwambia mimi ni mtu wa shughuli, stori kapige na betri zako. Akaenda.

Baada ya hapo shughuli ikaisha. Nimemhesabia mbuzi dume madoa.

Jumamosi, 20 Desemba

Safari ya Mikumi, kuchukua karatasi za kung'aa. Dada Jackline alinikusanyia mfuko mzima jikoni kwao, zile za ndani ya chokoleti na pakiti za sigara. Kazinyoosha moja moja kwa kijiko.

Kasema nije nile Krismasi kwake. Wapishi wanakula pamoja uani wageni wakishamaliza, wanacheka sana, na mkeka upo. Nikamuuliza, na wageni wangu nimwachie nani? Akauliza wageni gani. Nikasema arobaini. Kanitengeneza kola mbele za watu kama mtoto wa darasa la kwanza. Aibu gani hii! Nikasimama vilevile mpaka akamaliza.

Wakati wa kurudi, basi halijatoka hata mita mia, nyani kaingiza mkono dirishani, kaupora mfuko. Alidhani biskuti. Nimemwona juu ya kalvati anavaa karatasi kichwani. Nyani wa Mikumi sasa wana Krismasi kunizidi.

Usiku mama kapiga. Bibi hajapata nafuu, watarudi Januari. Nikamwambia sawa tu, kwani nani alikuwa anawasubiri? Niko bize. Akauliza nakula? Nikasema ninashiba mpaka nabakiza. Hapo sikudanganya.

Jumatatu, 22 Desemba

Naandika nikiwa nje. Ndani hakuingiliki.

Walikuja watatu, Baba Beda, Mama Letisia mweka hazina, na kijana wa kwaya. Mwanzo, heshima tupu. Mama Letisia alishika mashavu, kasema anaiona nyumba ya baba yake. Kasema hajaona mlingoti umepambwa tangu utotoni. Baba Beda akauliza tutaweza kuenea watu arobaini? Nikamjibu hata sitini! Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimeshinda kabisa!

Nikataka kumalizia kazi. Nikawasha koroboi chini ya mti, kama zamani.

Moshi ukapanda. Mti ukaanza kuvuma. Kijana wa kwaya akasema eti umewekewa redio ndani. Nikasema ndiyo, ni ufundi wangu.

Kisha wenyewe wakatoka. Wadudu weusi wanene kama gololi, wale wanaotoboa mbao, wakitoka matunduni mmoja baada ya mwingine na kila mmoja ana hasira zake. Kijana wa kwaya kapita dirishani. Baba Beda kaacha kiatu. Mama Letisia kajifunika uso na mnyororo wangu wa karatasi, ule wa pilipili. Kapiga chafya mpaka barabarani, tukawa tunamsikia anavyopungua.

Bibi Marciana alikuwa amesimama uani kwake. Kaleta maji ya kunawa na kiatu cha Baba Beda kakiweka juani.

Nilichojifunza: koroboi haifai. Ningetumia mshumaa.

Jumatano, 24 Desemba

Kama nilivyotabiri, upendeleo. Pilau ni kwa kina Obed. Bwana Betri mwenyewe kaja kuniambia niwahi, kaniwekea kiti karibu na spika. Nikamwambia asante, nina wageni wangu kutoka Mikumi. Kauliza wangapi. Nikasema hesabu inaendelea.

Bibi Marciana naye kasema tufuatane kesho, nimshike mkono pale kwenye daraja la miti. Nikamwambia bibi, mwenye nyumba haondoki siku ya wageni. Akasema, "Haya, baba."

Nimeweka mti tena. Wadudu wamehama wote. Sasa uko kimya.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi njema kwangu.

Nimepanga viti vyote. Nimepika wali wa watu saba na kuku. Kwa kina Obed wanasikika mpaka hapa. Wanaimba ovyo, besi hamna. Nilisimama uani kusikiliza makosa yao, kama saa moja na nusu hivi.

Saa nane dada Jackline kapiga simu. Hapo ndipo ujanja wangu ulipojulikana! Kabla sijapokea nikafungulia kwaya redioni mpaka mwisho, nikawa nagonga sufuria kwa mwiko, nikapaza sauti kumwambia Mzee Fulani akaribie, watoto waache kukimbia. Dada akauliza ni nani hao. Nikamjibu kwa kupiga kelele kwamba nyumba imefurika, watu wamekaa mpaka kwenye kinu, hata pa kuweka mguu hakuna.

Akacheka. Kasema amefurahi kweli, maana alikuwa ananiwaza. Kasema ameomba ruhusa tangu saa sita, yupo stendi na kifurushi, alitaka anishtukize, alale hapa mpaka Jumamosi. Lakini kama watu wamejaa hivyo hana haja ya kuja kubanana, anarudi akapumzike. "Sherehekea, mdogo wangu." Akakata.

Kaamini! Kila kitu! Hakushtuka hata kidogo!

Nikaiacha redio iendelee.

Ijumaa, 26 Desemba

Asubuhi Bibi Marciana kaniletea sahani ya pilau imefunikwa, kutoka kwa kina Obed. Kachungulia ndani, kaviona viti. Kauliza wageni wamelala salama? Nikasema wameondoka alfajiri. Kasema walikuwa wastaarabu sana, hawakuacha hata nyayo. Kisha kasema ana kuni za kupasua na chai iko motoni, kama nina nafasi.

Nikamwambia leo sina nafasi kabisa. Niko kwenye mipango ya mwakani. Nimeshaona kosa lilipokuwa. Si mti. Ni redio, ilikuwa ndogo. Mwakani natafuta spika kubwa kama ya Obed, nairekodi kelele ya watu wenyewe, vijiko, watoto, mtu mmoja akohoe. Dada akipiga atadhani ni harusi.

Ugali uko tayari. Ni mwingi. Mbuzi wananiangalia.