Kamati ya Mitambo Mikuukuu, Changamwe

Iliamriwa, na wakazi wote wa Changamwe wakatakiwa kufurahi kuanzia saa mbili asubuhi, kwamba karakana ya zamani ya reli, ile iliyo upande wa Chaani, haitakuwa karakana tena. Itakuwa Urithi. Serikali iliiacha ifanye kazi miaka mingi bila kuiangalia, ikaifunga bila kumwambia mtu, na sasa, mwaka wa themanini na tisa, ilikuwa imeamua kuipenda.

Ili mapenzi hayo yawe na utaratibu, iliundwa Kamati ya Kuhifadhi Mitambo Mikuukuu na Mambo Yanayofungamana Nayo, na Katibu Mtendaji wake akawa Bwana Mohdhar. Hapakuwa na aliyestahili zaidi. Bwana Mohdhar hakuwahi kushika spana maishani mwake, kwa hivyo hangeweza kupendelea mtambo wowote. Nia yake pia ilikuwa safi: alitaka kuhamishiwa makao makuu Nairobi, kwenye ofisi yenye zulia. Aliahidiwa kwamba Naibu Waziri akija kuufungua Urithi na akaridhika, zulia ni lake.

Kazi ilianza kwa rangi. Kila chuma kilipakwa kijani: nyundo ya mvuke, mashine za kukerezea, winchi, hata minyororo. Mzee Tsuma, fundi wa humo tangu zamani, ambaye bado alikuwa akija kuwatengenezea watu vyuma vya mashua na baiskeli, aliona meno ya mashine yake yamegandana.

"Sasa haizunguki, bwana," alisema.

"Ndiyo maana ya kuhifadhi," Bwana Mohdhar alimweleza kwa upole. "Ikizunguka itachakaa."

Baada ya rangi ndipo alipoligundua karai.

Mwanakheri, mjane wa fundi Faki, alikuwa akikaanga mahamri na viazi karai chini ya paa la karakana, karibu na lango. Karai lake lilifuliwa na marehemu mwenyewe, kutoka kwenye kifuniko cha garimoshi kilichokuwa kimetupwa. Bwana Mohdhar alikula vya karai hilo kila asubuhi na asione kitu. Siku hiyo Mwanakheri alikuwa amelipindua alisugue kwa mchanga, na chini ya masizi ikatokeza namba ya garimoshi.

"Mama, hii ni mali ya historia," alisema Bwana Mohdhar.

"Hilo ni karai, mwanangu. Hata hamri ulo nalo mkononi latoka humo."

Bwana Mohdhar alilimaliza hamri, akapangusa vidole, akatoa amri. Karai likawekwa juu ya meza, likazungushiwa kamba nyekundu, na ukutani ukapigiliwa ubao: CHOMBO CHA KIVIWANDA. MATUMIZI YAKE HAYAJABAINIKA. UTAFITI UNAENDELEA.

Mwanakheri alijaribu sufuria ya kuazima. Mahamri yakaungua nje na kubaki mabichi ndani, na wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara huku wakimwamkia kwa heshima zote. Ilimuuma sana. Riziki ilikuwa imekatika, na tena kila akipita langoni alikiona kitu pekee alichoachiwa na Faki kimefungiwa kamba kama mshitakiwa.

Alimlilia Nzai, askari wa lango. Nzai, ambaye naye alikuwa na njaa, akamtolea karai alfajiri moja akaange mara moja tu kisha alirudishe. Lakini harufu ya iliki haina siri. Bwana Mohdhar alifika kazini mapema siku hiyo kuliko siku yoyote ya utumishi wake.

"Chuma hakitoki humu!" alimfokea Nzai mbele ya watu. "Hata pini!"

"Hata akitaka mkubwa, bwana?"

"Hata nikitaka mimi! Chuma kikitoka, nawe utoke, urudi kwenu Mjambere ukalime mihogo."

Nzai alikuwa na watoto wanaosoma. Maneno yale aliyashika kwa mikono miwili.

Siku ya ufunguzi ikawadia. Msafara wa Naibu Waziri uliposimama nje ya lango, Nzai aliomba magari yabaki huko huko. Bwana Mohdhar nusura azimie.

"Mheshimiwa atembee kwa miguu juani kama mchuuzi? Fungua!"

Benzi jeusi likaingia, likaegeshwa kivulini kando ya nyundo ya mvuke. Utepe ukakatwa. Mheshimiwa akasimama mbele ya kinasa sauti cha mwandishi wa redio na kusoma hotuba, na Bwana Mohdhar, aliyeitunga, akawa anachezesha midomo pamoja naye.

"Kuanzia sasa, kila chuma kilichomo ndani ya uzio huu ni urithi wa taifa. Hakiguswi, hakitumiwi, hakitoki! Na sheria hii haimjui mkubwa wala mdogo!"

Makofi yalikuwa mengi. Mpaka rangi, aliyeagizwa asiache chuma hata kimoja bila kijani, alipiga makofi kidogo kisha akaendelea na bampa ya nyuma ya Benzi.

Ilipofika saa ya kwenda uwanja wa ndege, Benzi lilikuta lango limefungwa. Nzai alipiga saluti safi kabisa.

"Samahani, mheshimiwa. Ni chuma."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa. Ndiwe uliyetoa sheria sasa hivi."

Mwandishi wa redio alisogeza kinasa sauti karibu. Mheshimiwa alikuwa amepanda vyeo kwa sababu hakuwahi kujipinga mwenyewe ndani ya siku moja, na hakutaka kuanzia Changamwe.

"Katibu," alisema kwa sauti ya chini. "Fafanua."

Bwana Mohdhar aliliona zulia likianza kukunjwa. Akakohoa, akanyoosha tai, na akili yake yote ikafanya kazi kwa wakati mmoja.

"Kwa mujibu wa kanuni, urithi ni kitu kisichofanya kazi yoyote, na ambacho hakuna mtu anayekihitaji. Gari la mheshimiwa lafanya kazi, na mheshimiwa analihitaji. Kwa hivyo si urithi."

"Safi sana! Hiyo ndiyo sheria!" mheshimiwa alisema.

"Basi na karai langu lafanya kazi," ilisikika sauti ya Mwanakheri kutoka kwenye umati. "Na mimi nalihitaji. Wallahi, Chaani nzima yalihitaji!"

Kinasa sauti kikamgeukia yeye. Mheshimiwa akatazama saa yake.

"Mpeni mama karai lake."

Mwanakheri aliruka kamba, akalikumbatia karai kifuani, masizi yakapaka leso yake mpya yote, na akalia mbele za watu bila haya. Mzee Tsuma hakungoja kuitwa. Alikwangua rangi kwenye mashine yake, akatia mafuta, akaizungusha kwa mkono, ikapiga kelele kisha ikatulia na kwenda. "Hii nayo," alisema. Kwenye winchi tayari kulikuwa na mwenye mashua, na kwenye nyundo ya mvuke wahunzi walikuwa wakigombania zamu.

"Kwani kumebaki nini?" mheshimiwa aliuliza.

Nzai aliangaza karakana yote kwa uaminifu, kona baada ya kona, akitafuta kitu kisichofanya kazi na kisichohitajiwa na mtu. Macho yake yakatua.

"Imebaki Kamati, mheshimiwa."

Mheshimiwa alimtazama Bwana Mohdhar, akatikisa kichwa kukubali.

"Ihifadhiwe," akasema, na lango likafunguliwa.

Zulia lilipewa mtu mwingine. Bwana Mohdhar yupo hadi leo pale mezani, ndani ya kamba nyekundu: haguswi, hatumiwi, hahamishwi. Mwanakheri hakuweka kinyongo. Kila asubuhi humnyooshea hamri juu ya kamba na kumwambia, "Shika, mwanangu, lingali moto." Na watoto wa shule wakiletwa kutembezwa, mwalimu huwasimamisha mbele yake na kuwasomea ule ubao ulio juu ya kichwa chake, ambao hakuna aliyekumbuka kuubandua: matumizi yake hayajabainika, utafiti unaendelea.